Karatasi kati ya wawili: mkataba wa wanaoishi pamoja bila ndoa unalinda nini, na haulindi nini

Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama wetu, Barumbu, siku ya mkutano wa kawaida. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakufika na kwa wafadhili wetu. Maswali matatu ya wanachama, pamoja na majibu, yako mwishoni.

  Najua jua ni kali na kuna mama ameacha mpunga wake juu ya turubai, kwa hiyo nitaingia moja kwa moja.

Somo la leo mmeliomba ninyi wenyewe. Tangu tuanze kuandika majina ya wale watakaosaidiwa kusimamisha nyumba, swali moja linarudi kila siku: tuandike jina la nani? Tunafika kwenye kiwanja, tunakuta baba na mama, watoto wanne ao watano, matofali yamepangwa vizuri. Tunauliza: mmeoana? Wanatazamana. Baba anasema, "Huyu ni bibi yangu." Mama anasema, "Tuko pamoja tangu zamani." Lakini mahari haijatoka, eta sivili hawajaenda, na karatasi hata moja hakuna. Kwa Lingala tunasemaka yaka tofanda, njoo tukae. Watu wanacheka wakisikia hilo neno. Leo sitacheka, na sitamtia mtu aibu.

Juu ya nini? Juu najua namna mambo yalivyokuja. Wengi kati yetu tumekimbia, wengine zaidi ya mara moja. Kuna waliokimbia mabomu ya Juni 2000, wakati jeshi la Rwanda na la Uganda yalipigana siku 6 katikati ya Kisangani. Kuna waliokimbia juzi tu, katika ile vurugu ya Wambole na Walengola iliyoanza 2023. Mtu akiwa ukimbizini hatafuti familia ya msichana ili akae nayo na kuhesabu mbuzi. Anapata mwenzake wa kubeba naye mzigo, wanasaidiana, mtoto anazaliwa, miaka inapita. Tena mahari yenyewe imepanda. Mnakumbuka mwaka 2021 mbunge Daniel Mbau alipeleka Kinshasa pendekezo la sheria, kwamba mahari isipite dola 500 mjini na dola 200 kijijini. Kama jambo limefika mpaka bungeni, maana yake si hapa kwetu tu vijana wanashindwa.

Basi sikuja kuuliza kwa nini hamkuoana. Nimekuja kuuliza: mmoja wenu akikufa kesho, ao mkigombana na kuachana, nyumba mnayojenga leo itakuwa ya nani?

Mambo matatu tunayoamini, na si kweli

La kwanza: "Tukikaa miaka mingi, inakuwa ndoa yenyewe." Hili neno wengine wamelileta kutoka Tanzania, na huko lina msingi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema kwamba mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 ao zaidi, na watu wakawatambua kama mume na mke, mahakama itaanza kwa kudhani kwamba wameoana, mpaka mtu alete ushahidi wa kupinga. Kwetu Kongo hakuna kitu kama hicho. Unaweza kukaa na mtu miaka 20, ukamzalia watoto 7, ukamzika mama yake, na bado mbele ya Leta wewe si bibi yake. Wale waliopita Ubelgiji ao Ufaransa nao wameona huko karatasi ya kuandikisha maisha ya pamoja bila ndoa, Ufaransa tangu 1999, Ubelgiji tangu 2000. Hiyo nayo kwetu haipo.

La pili: "Pasta alitubariki." Baraka ni kitu kizuri, siikatai. Lakini ndoa ya kanisa peke yake, ao ya msikiti peke yake, mbele ya Leta haina nguvu.

La tatu: "Tuko na watoto, nani atanifukuza?" Mtoto ana haki zake kwa baba yake, lakini haki ya mtoto haimfanyi mama kuwa bibi wa ndoa. Tena mtoto mwenyewe haki yake inapitia mlango mmoja ambao wengi hatujaupita. Nitarudi kwake.

Sheria inayotuongoza ni Kode ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyogeuzwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Ndiyo inayosema nani ni mume, nani ni mke, nani ni mrithi. Ndani yake yaka tofanda haina sura yake.

Tuhesabu mabati 24

Ili tusipotee katika maneno ya wanasheria, tuchukue mabati 24. Baba na mama wamefanya kazi pamoja, yeye anavua samaki, mama anauza mafuta ya mawese na kucheza likelemba. Wamenunua mabati 24, hawana kitu kingine. Baba anakufa. Tugawe.

Kama walioana mbele ya Leta na hawakuchagua mpango mwingine wa mali, sheria inachukua kwamba vile walivyopata ndani ya ndoa ni vya wote wawili. Kwa hiyo, kabla ya kusema neno urithi, mama anatoa mabati yake 12. Hayo si urithi, ni mali yake. Yanabaki 12 ya marehemu. Ndani ya hayo 12, watoto wanachukua robo tatu, ni mabati 9. Yanabaki 3: moja kwa mjane, moja kwa wazazi wa marehemu, moja kwa ndugu na dada zake. Tena mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyokuwa wanakaa, na kutumia vyombo vya ndani. Mnaona? Bokilo wanapata kitu, lakini ni mabati 2 kati ya 24.

Sasa tuchukue watu walewale, kazi ileile, mabati yaleyale, ila ni yaka tofanda na hakuna karatasi. Baada ya matanga, wakubwa wa upande wa baba wanakaa chini ya mwembe. Wanasema, "Mabati ni ya ndugu yetu. Mama, asante kwa kumtunza." Mama anasema alichangia. Wanamuuliza, "Karatasi iko wapi?" Hana. Yote 24 yanahesabiwa kuwa ya marehemu. Yeye si mjane kwa sheria, hana lile bati moja la mjane, hana haki ya kubaki katika nyumba. Kama watoto wametambuliwa na baba yao, wao wanachukua 18 na mabati 6 yanaenda kwa wazazi na ndugu. Kama hawakutambuliwa, nao hawahesabiwi. Mama anaondoka na watoto, kichwani amebeba sufuria.

Hii si hadithi ya kutisha watu. Kila mmoja wetu hapa amewahi kuona mama akiondoka vile. Na inawapata wanaume pia. Kuna baba amejenga nyumba ya matofali ya kuchoma katika paseli ya wazazi wa mama. Mama akikufa, wakwe wanasema, "Udongo ni wetu." Mwanaume anabaki na mwiko wa kujengea.

Mkataba unaweza nini

Sasa tufike kwenye karatasi yenyewe. Kama Leta haina sheria ya yaka tofanda, je, watu wawili wanaweza kuandikiana? Ndiyo. Sheria yetu ya mikataba ni ya zamani sana, ni dekre ya tarehe 30 Julai 1888, na bado inatumika. Kifungu chake cha 33 kinasema kwamba mapatano yaliyofanywa vizuri yanakuwa kama sheria kwa wale walioyafanya. Haiulizi kama ni mume na mke. Inauliza mambo manne: mmekubali bila kulazimishwa? Mna umri na akili ya kukubali? Kitu mnachokubaliana kinajulikana? Na sababu yake ni halali?

Kwa hiyo mkataba unaweza kuwapa ile sehemu ya kwanza ya mabati, yale 12 yanayotoka kabla ya urithi. Unaweza kusema wazi: mali hii ni yetu wawili, nusu kwa nusu, ao huyu theluthi mbili na yule theluthi moja, kufuatana na mchango wa kila mmoja. Siku bokilo watakapouliza karatasi iko wapi, iko hapa.

Majirani zetu wa Kenya wametuonyesha uzito wa jambo hili. Tarehe 27 Januari 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya ilikata kesi ya mwanaume na mwanamke waliokaa pamoja miaka mingi na kujenga nyumba. Majaji walikataa kusema kwamba hiyo ilikuwa ndoa. Lakini hawakumrudisha mtu mikono mitupu: waliigawa mali 70 kwa 30, kufuatana na mchango. Kesi yao imepita mahakama tatu kabla ya kupata hiyo hesabu. Nani kati yetu ana pesa ya mahakama tatu? Afadhali hesabu tuiandike sisi wenyewe tukiwa tunapendana.

Karatasi nzuri ina mambo haya:

1. Majina yote ya kila mmoja, tarehe na mahali pa kuzaliwa, na tangu lini mnaishi pamoja.

2. Kila mmoja alikuja na nini. Mama alikuja na mashine ya kushona, baba na pirogi na nyavu. Hivyo vinabaki vya mwenyewe.

3. Mlichonunua ao kujenga pamoja: nyumba ya vyumba vingapi, mabati mangapi, shamba lina miti gani, mbuzi wangapi. Na sehemu ya kila mmoja, kwa hesabu, si kwa maneno ya "tutaelewana".

4. Madeni. Deni la likelemba ni la nani? Pesa ya kuanza biashara aliichukua nani, na nani analipa?

5. Mkiachana, nani anabaki katika nyumba na anamlipa mwenzake nini, kwa muda gani. Nani atakadiria bei, ili msianze kupigana juu ya bei.

6. Kila mmoja atatoa nini kwa chakula, shule na dawa za watoto.

7. Saini ao alama ya kidole ya wote wawili, na mashahidi, angalau mmoja wa upande wa mama na mmoja wa upande wa baba. Shahidi mzuri ni yule ambaye siku moja angeweza kuja kukufukuza. Akisaini leo, kesho atatafuta maneno.

Andikeni nakala tatu: moja kwa kila mmoja, moja mahali pengine salama. Halafu mpeleke kwa notari ili aithibitishe. Kati yenu wawili, karatasi ya nyumbani inaweza kutosha. Lakini mtu wa nje atasema mliiandika jana usiku, baada ya kifo. Muhuri wa notari unafunga mdomo juu ya tarehe.

Juu ya udongo, muwe waangalifu. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote ni wa Leta. Mjini, anayeshinda ni mwenye sertifika ya uandikishaji. Kama paseli yenu inapata sertifika, ombeni majina yote mawili yaingie. Kama bado mna fishi ya paseli tu ao karatasi ya kuuziwa, karatasi ya kuuziwa nayo iwe na majina mawili tangu mwanzo. Kijijini, ambako shamba linatoka kwa shefu na familia, msiandike kwamba mnagawana udongo usio wenu. Andikeni kile kilicho juu yake: nyumba, kahawa, michikichi, kazi mliyoifanya.

Mkataba hauwezi nini

Hapa naomba mnisikilize zaidi, maana kuna watu wanaouza karatasi za kudanganya.

Mkataba haufungi ndoa. Hata ukiwa na mihuri kumi, hauwafanyi mume na mke.

Mkataba hauwezi kugawa urithi wa mtu ambaye bado anapumua. Mkiandika ndani yake, "Nikikufa, nyumba yote ni ya mwenzangu," yale maneno yanaanguka. Kwa jambo hilo sheria imeweka wosia, na wosia ni karatasi nyingine. Mtu anaweza kuufanya mbele ya notari ao mbele ya ofisa wa eta sivili, ao akauandika wote kwa mkono wake mwenyewe, akaweka tarehe na saini. Ndani ya wosia baba anaweza kumwachia mama kitu hata kama hawakuoana, lakini hawezi kugusa zile robo tatu za watoto. Wosia na mkataba vinatembea pamoja, kila kimoja na kazi yake.

Mkataba hauwezi kuuza haki ya mtoto. Kama umeandikwa, "Mama akiondoka, baba hatalisha watoto," hilo ni bure.

Na mkataba hauwezi kufunika ndoa nyingine. Kama mmoja wenu ana ndoa iliyoandikwa eta sivili ambayo haijavunjwa, msikimbilie kwa notari. Sheria inakataa ndoa ya pili juu ya ya kwanza, na mali mnayotaka kugawana huenda nusu yake tayari ni ya yule aliye nyumbani. Karatasi kama hiyo inaweza kuvunjwa mahakamani. Mwenye hali hii aje tuzungumze pembeni, kila kesi ina njia yake.

Mlango wa watoto

Nilisema nitarudi kwa watoto. Kode ya Jamaa, kifungu cha 591, inasema kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, na kwamba hakuna mwenye haki ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa ao nje. Na watoto wote ni sawa mbele ya sheria. Maneno mazuri. Lakini mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa anaingia katika urithi wa baba yake kwa sababu baba amemtambua mbele ya eta sivili. Kwenye mabati yetu 24, kule kutambuliwa ndiko kunamfanya mtoto apate fungu lake ao akose.

Mtoto akizaliwa, mna siku 90 za kumwandikisha. Siku hizo zikipita, mtaanza safari ya mahakama kutafuta hukumu ya kuziba pengo, na hapo pesa inaanza kutoka. Kwa hiyo, mkienda kumwandikisha, baba aende mwenyewe, aseme mbele ya ofisa, "Huyu ni wangu," na iandikwe. Wale ambao watoto wao wamekuwa wakubwa bila karatasi, waende sasa, baba angali hai. Baba akishakufa bado kuna njia ya mahakama, lakini ni ndefu, na bokilo watakuwa upande mwingine wa meza.

Fikirini juu ya fidia ya vita. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325: 225 kwa watu waliouawa na kuumizwa, 40 kwa mali, 60 kwa utajiri wa udongo na misitu. Leta ina FRIVAO kwa kazi hiyo, na ofisi yake iko Kisangani. Sitaingia leo katika malalamiko juu ya orodha. Nataka mtambue jambo moja. Mtu aliyekufa hawezi kuja kuchukua pesa, na anayesimama mahali pake anapaswa kuonyesha kwamba ni mrithi. Kuna wanawake waliozika waume zao mwaka 2000, wakalea watoto peke yao miaka 20 na zaidi, na leo wanatafuta karatasi ambayo ingefanywa katika asubuhi moja.

Njia fupi kuliko zote

Sasa nitasema neno ambalo labda hamkulitarajia baada ya kusifu mkataba. Kwa wengi kati yenu, dawa yenyewe ni ndoa ya Leta. Mkataba unampa mama mabati 12. Ndoa inampa hayo 12, inamwongeza bati la mjane, inamwachia nyumba ya kukaa, na watoto wanaozaliwa ndani yake wana baba bila kupiga magoti.

Kinachowazuia ni mahari. Lakini someni sheria vizuri: inataka mahari itolewe angalau sehemu, na inasema wazi kwamba inaweza kuwa ya alama tu. Mbuzi mmoja ambaye wazazi wamekubali ni mahari. Wazee wetu mlioketi hapa, hili neno ni lenu. Mkisema "lete kwanza sehemu, wakaandikishwe, zingine zitafuata", mnamlinda binti yenu. Mkisema "bila yote hapana", mnamwacha katika nyumba ya watu bila hata bati moja.

Na wale ambao mahari ilitoka na familia zikakutana, mkanywa, mkacheza, nyinyi si yaka tofanda. Mmeoana kimila. Ila sheria inawataka ndani ya mwezi mmoja mwende kuandikisha, kwa burugumestre kama mko katika kominyi, ao kwa shefu wa sektere kama mko nje ya mji. Mkikosa, ndoa yenu ni vigumu kuisimamisha mbele ya watu wa nje. Mwezi umepita? Nendeni mkaulize namna ya kurekebisha. Msikae.

Neno kwa shirika na kwa wafadhili

Wafadhili wetu, mnatoa mabati, misumari na milango ili mtu aliyerudi apate pa kulala. Tunawashukuru kutoka moyoni. Lakini fishi ya msaada ina mstari mmoja: "jina la mkuu wa nyumba". Pale tunaandika baba. Siku baba akikufa, fishi yetu wenyewe ndiyo inayotolewa chini ya mwembe kuonyesha kwamba mabati yalikuwa yake. Msaada uliotolewa kwa watu sita unaishia kwa shemeji.

Ninaomba mambo matatu. Moja, fishi iwe na mistari miwili, majina mawili na saini mbili, hata kama hawajaoana. Mbili, karatasi ya kupokea vifaa iandikwe hivyohivyo, na kila mmoja abaki na nakala. Tatu, sehemu ndogo ya pesa ya ujenzi itengwe kwa safari ya eta sivili na kwa notari. Nyumba inayojengwa bila karatasi inaweza kuwatupa nje haohao tuliotaka kuwalinda.

Na shirika letu, katika daftari la msaada wa matanga, kila mwanachama aandike mwenyewe, leo, ni nani atapokea. Tusingoje kuuliza maiti.



Maswali ya wanachama

Mama mmoja aliuliza: "Na kama mzee hataki kusaini? Nikimwambia anasema nataka kumwua."

Jibu: Mama, hakuna mtu anayeweza kumlazimisha kusaini, na karatasi ya kulazimisha haina nguvu. Lakini wewe una mkono wako. Unachonunua kwa pesa yako, dai risiti kwa jina lako na uitunze nje ya nyumba. Daftari la likelemba linaloonyesha siku uliyopokea na kile ulichonunua ni ushahidi. Shahidi aliyekuona ukilipa fundi ni ushahidi. Mwanamke mkubwa anasaini mwenyewe mkataba wake. Hata bibi wa ndoa, tangu sheria ya 2016, haombi tena ruhusa ya mume ili asaini. Tena anza na watoto. Baba anayekataa kugawa mabati mara nyingi hakatai kumtambua mtoto wake. Akikataa hilo pia, mtoto ana njia ya mahakama, na tutakusindikiza.

Baba mmoja aliuliza: "Hii karatasi si kumfundisha mwanamke njia ya kuondoka?"

Jibu: Baba, mtu anayetaka kuondoka hangojei karatasi. Nami ninakuuliza: nyumba yako iko katika paseli ya nani? (Watu walicheka.) Kama ni ya wakwe, wewe ndiye unayehitaji karatasi kuliko yeye. Na kama ni yako, fikiri juu ya watoto wako. Ukikufa, nani atawalea, ni ndugu zako ao ni mama yao? Basi mwachie mahali pa kuwalelea.

Kijana mmoja aliuliza: "Tunaweza kuiandika kwa Kiswahili? Kifaransa yetu si ya kuandikia mkataba."

Jibu: Mnaweza. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba. Kati yenu wawili, andikeni katika lugha mnayoielewa wote, hilo ndilo la kwanza, juu mtu hawezi kukubali asichokielewa. Ila Kifaransa ndiyo lugha ya ofisi, na notari anaweza kuomba tafsiri. Njooni na maneno yenu kwa Kiswahili, tutakaa pamoja kuyageuza, mstari kwa mstari, na kuwasomea tena kabla ya saini. Ambaye hajui kusoma asiweke kidole mpaka amesomewa yote mbele ya shahidi wake mwenyewe.

Wanachama wanaotaka kuandika mkataba, kumtambua mtoto ao kuandikisha ndoa, watoe majina yao kwa sekretere wa shirika. Mje wawili wawili.